Fedha za tawi dogo la chama cha wafanyakazi, mwaka baada ya mwaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu matawi madogo ya vyama vya wafanyakazi nchini Marekani: wanachama mia moja hadi mia tatu, mweka hazina anayeandika hesabu jioni baada ya zamu, akaunti moja au mbili benki. Huko sheria ya 1959 inavitaka vyama vingi vitoe hesabu zao hadharani, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuchukua taarifa za tawi moja za miaka 20 na kuzipanga kwa mfululizo. Akifanya hivyo ataona mambo ambayo taarifa ya mwaka mmoja haiwezi kumwambia.

Pesa za tawi zinatoka wapi hasa?

Kwenye ada. Vyanzo vingine vipo, kama kiingilio cha mwanachama mpya, riba ya benki, au kodi ya ukumbi kama tawi lina ukumbi, lakini katika tawi dogo vyote hivyo ni kidogo mno.

La kuuliza ni jinsi ada inavyokokotolewa. Kuna vyama vinavyotoza kiasi kimoja kwa kila mtu kila mwezi, vingine asilimia ya mshahara, vingine thamani ya saa kadhaa za kazi. Chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kilitoza thamani ya saa mbili kwa mwezi kwa miaka mingi. Mkutano wake mkuu wa 2014 ndio ulioongeza hadi saa mbili na nusu, nyongeza ya kwanza tangu 1967. Ada ya saa au ya asilimia hupanda yenyewe mshahara unapopanda. Ada ya kiasi kimoja hubaki pale pale mpaka atokee mtu wa kusimama mkutanoni na kuomba nyongeza, na watu hao ni wachache. Tawi lisilogusa ada yake kwa miaka kumi, huku bei zikipanda asilimia 3 kila mwaka, hupoteza takriban robo ya thamani ya mapato yake bila hata mwanachama mmoja kuondoka.

Ada humfikiaje mweka hazina?

Mara nyingi mwajiri huikata kwenye mshahara na kuipeleka kwa chama. Sheria ya Taft-Hartley ya 1947 inataka kila mfanyakazi aidhinishe makato hayo kwa maandishi, na idhini hiyo haiwezi kumfunga kwa zaidi ya mwaka mmoja, au zaidi ya muda wa mkataba wa hali bora ikiwa mkataba unaisha mapema.

Makato ni raha, na raha hiyo ina bei yake. Chama kinazoea pesa kufika zenyewe, na wawakilishi hawana tena sababu ya kuzunguka kila mwezi wakiongea na kila mtu. Mkataba unapoisha bila mwingine kusainiwa, mwajiri anaweza kujaribu kusimamisha makato. Bodi ya taifa ya mahusiano kazini, NLRB, imebadili msimamo wake kuhusu haki hiyo zaidi ya mara moja. Tawi linaloingia kwenye majadiliano magumu bila njia nyingine ya kukusanya ada linajiweka pabaya.

Ada yote inabaki tawini?

Hapana, na hapa ndipo wanachama wengi hushtuka. Sehemu kubwa hupanda kwenda chama mama cha taifa, na nyingine huenda kwenye baraza la mkoa au shirikisho la jimbo. Tawi hulipa kwa kichwa: kiasi fulani kwa kila mwanachama kila mwezi. Mgawo huo unanunua vitu vya kweli, kama mfuko wa mgomo, wanasheria, wataalamu wa majadiliano na mafunzo. Lakini kiwango chake hupangwa kwenye mkutano mkuu wa taifa, ambako tawi dogo lina kura chache. Mkutano huo ukipandisha mgawo na tawi lisipandishe ada, tofauti inatoka kwenye mfuko wa tawi.

Nipeni mfano wa hesabu.

Haya ni makadirio ya kuonyesha mwendo tu, si tawi halisi. Tuseme kuna wanachama 200, kila mmoja analipa dola 40 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 96,000. Mgawo wa juu ni dola 18 kwa kichwa kwa mwezi, yaani 43,200. Tawi linabaki na 52,800. Pango, posho za viongozi, fidia ya saa za kazi zilizopotea, mashauri, uhasibu, bima na posta vinakula 49,000. Ziada ni dola 3,800. Tawi linapumua.

Sasa mwajiri anafunga idara moja na wanachama wanabaki 160. Ada inashuka hadi 76,800, mgawo unashuka hadi 34,560, tawi linabaki na 42,240. Pango halikushuka. Mwanasheria hakupunguza bei. Matumizi ni yale yale 49,000, na ziada imegeuka nakisi ya dola 6,760 kwa mwaka.

Tazama kilichotokea: wanachama wamepungua kwa moja ya tano, lakini tawi limetoka kwenye ziada hadi kwenye nakisi kubwa kuliko ziada ile. Mgawo wa juu ulipungua pamoja na wanachama. Gharama za tawi lenyewe ndizo zilizogoma kupungua. Kama tawi lina akiba ya 60,000, litaendelea hivyo karibu miaka tisa kabla pesa hazijaisha, na kwa muda wote huo kila mkutano utaambiwa kwamba benki bado kuna pesa.

Salio la benki limeongezeka mwaka huu. Si habari njema?

Inawezekana. Lakini salio hupanda pia kwa sababu nafasi ya kiongozi ilikaa wazi miezi minane, kwa sababu hakuna shauri hata moja (lalamiko lisilomalizika kazini) lililofika kwa mwamuzi binafsi, kwa sababu ukumbi uliuzwa, au kwa sababu mgawo wa miezi mitatu ya mwisho haujapelekwa juu. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote: pesa zinaonekana ni za tawi, kumbe ni deni. Taarifa ndogo za mwaka hufuata pesa zilizoingia na kutoka, kwa hiyo bili iliyocheleweshwa makusudi hadi Januari huupendezesha Desemba.

Kwa maoni yangu namba moja ndiyo ya kufuatilia mwaka hadi mwaka, nayo si salio. Chukua ada, toa mgawo wa juu, toa gharama ambazo zitakuwepo hata kama hakuna jambo lolote litakalotokea. Kinachobaki ndicho tawi lilicho nacho cha kupigania wanachama wake. Kikiwa sifuri, tawi lipo kwa ajili ya kujilipia kodi ya pango.

Taarifa za tawi nitazipata wapi?

Sheria ya 1959 ya utoaji taarifa wa vyama, ijulikanayo kwa majina ya Landrum na Griffin, inavitaka vyama vipeleke taarifa ya fedha kila mwaka kwa Idara ya Kazi, ndani ya siku 90 baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Fomu hutegemea mapato ya mwaka. Chini ya dola 10,000, tawi linaweza kujaza LM-4, ambayo ni fupi sana. Chini ya 250,000, LM-3. Kuanzia 250,000 ni lazima LM-2, ambayo inataka maelezo marefu, pamoja na kutaja anayelipwa dola 5,000 au zaidi kwa mwaka. Rais wa tawi na mweka hazina wote wawili husaini. Taarifa za tangu 2000 zinapatikana bure kwenye tovuti ya OLMS, ofisi ya Idara ya Kazi inayosimamia mambo haya.

Matawi mengi madogo huangukia LM-3. Kuna pengo moja la kukumbuka: chama kinachowakilisha wafanyakazi wa serikali za majimbo, kaunti au miji peke yao hakibanwi na sheria hii, kwa hiyo usishangae ukikosa taarifa za tawi la walimu wa shule za umma.

Nikishazipata, nisome nini kwanza?

Usianze na maelezo. Fungua jedwali na uandike, kwa kila mwaka, idadi ya wanachama, ada iliyopokelewa, mgawo uliolipwa juu, malipo kwa viongozi, jumla ya matumizi, pesa mwanzoni mwa mwaka na pesa mwishoni. Miaka kumi inatosha kuanza.

Halafu fanya ukaguzi wa kwanza, ule rahisi kabisa: pesa za mwanzo wa mwaka huu lazima zilingane na pesa za mwisho wa mwaka jana. Zisipolingana, ama mtu alikosea na hakurekebisha, ama kuna akaunti iliyoingia au kutoka kwenye hesabu kimyakimya. Majibu yote mawili yanafaa kuulizwa mkutanoni.

Ukaguzi wa pili ni ada kugawa kwa wanachama, kisha kugawa kwa 12. Unapata wastani wa anacholipa mtu mmoja kwa mwezi. Ukiwa chini sana ya kiwango kilichoandikwa kwenye katiba ya tawi, kuna watu wanaohesabiwa bila kulipa: wastaafu, walio likizo ndefu, au majina ambayo hakuna aliyeyafuta.

Wa tatu ndio ninaoupenda zaidi. Chukua mgawo uliolipwa juu, gawa kwa kiwango cha kichwa, gawa kwa 12. Hiyo ni idadi ya wanachama ambao tawi lilikuwa tayari kuwalipia. Kwenye fomu unaweza kuandika wanachama 200 bila kuumia. Mgawo unauma, ndiyo maana namba hii hudanganya kwa nadra. Tawi linalojitangaza lina watu 200 huku likilipa mgawo wa watu 150 ama limerudi nyuma na malipo, ama halina watu 200.

Mwishowe angalia miaka isiyokuwepo. Tawi lililopeleka taarifa kila mwaka kwa wakati, kisha likaruka mwaka mmoja na mwingine likachelewa miezi saba, linakuambia jambo kabla hujafungua hata ukurasa mmoja. Mara nyingi ni mweka hazina mpya ambaye hakukabidhiwa chochote. Mara chache ni zaidi ya hapo.

Viongozi wa tawi dogo hulipwa?

Wengi hupata posho ndogo, wengine hawapati kitu. Malipo makubwa zaidi huwa ni fidia ya saa zilizopotea: kiongozi anaacha zamu kwenda kusikiliza malalamiko au kukaa kwenye majadiliano, mwajiri hamlipi saa hizo, chama kinamfidia. Utaratibu huu ni wa haki na hauna mbadala. Pia ndio mlango ulio rahisi kupitisha pesa zisizostahili, kwa kuwa ushahidi pekee ni karatasi aliyoijaza mhusika mwenyewe. Kila fomu ya fidia ionyeshe tarehe, saa, kazi iliyofanyika, na sahihi ya mtu mwingine. Mwaka wa majadiliano fidia hupanda, na hilo ni la kutarajiwa. Ikipanda mwaka ambao mkataba umetulia, uliza.

Wizi hutokeaje kwenye chama cha watu wanaojuana?

Hutokea hasa kwa sababu wanajuana. Mweka hazina ameshika kazi miaka 15, hakuna mwingine anayeitaka, kila mtu anamwamini, na wakaguzi wa ndani waliochaguliwa husaini bila kufungua bahasha ya benki. Njia zenyewe si za werevu: hundi kwa jina lake, kadi ya benki ya tawi kwa manunuzi binafsi, pesa taslimu zilizotolewa bila risiti, fidia ya saa ambazo hazikupotea.

Sheria ya 1959 ina kinga kadhaa. Wizi wa mali ya chama ni kosa la jinai la serikali kuu, na kifungo chake kinafika miaka mitano. Kila anayeshika pesa za chama lazima awekewe dhamana ya bima isiyopungua asilimia 10 ya pesa zilizopitia mikononi mwake mwaka uliotangulia, isipokuwa katika vyama vidogo kabisa vyenye mali na mapato yasiyozidi dola 5,000. Mkopo kwa kiongozi au mwajiriwa wa chama hauwezi kumfanya adaiwe zaidi ya dola 2,000 kwa jumla. Kumbukumbu za hesabu zitunzwe miaka mitano.

Kinga hizo hufanya kazi baada ya tukio. Kabla ya tukio, kinachosaidia ni sahihi mbili kwenye kila hundi, nakala ya taarifa ya benki kwenda moja kwa moja kwa mtu asiyeandika hundi, na taarifa hiyo kusomwa mkutanoni kila mwezi. Kusaini hundi tupu mapema ili "kurahisisha" kunazifuta sahihi zote mbili kwa pamoja. Nimeona watu waaminifu wakifanya hivyo bila kujua walichofanya.

Mwanachama wa kawaida anaweza kudai kuona vitabu vyenyewe?

Ndiyo, akiwa na sababu ya msingi inayohusu kuhakiki taarifa iliyopelekwa. Akikataliwa, anaweza kwenda mahakamani. Kwa kawaida barua ya heshima inatosha, hasa ikitaja mwaka na mstari wa fomu.

Kwa nini shauri moja linaweza kuyumbisha bajeti nzima?

Malalamiko yasiyomalizika kazini hupelekwa kwa mwamuzi binafsi, na mikataba mingi inagawa ada yake nusu kwa nusu kati ya mwajiri na chama. Mwamuzi hutoza kwa siku: siku za kusikiliza, siku za kusoma, siku za kuandika uamuzi. Ongeza mwanasheria, mwandishi wa kumbukumbu na fidia ya mashahidi. Kwa kampuni hiyo ni gharama ya kawaida. Kwa tawi la mfano wetu, mashauri mawili mazito katika mwaka mmoja yanameza ziada ya miaka kadhaa.

Waajiri wanalijua hili. Wapo wanaokataa kumaliza malalamiko madogo kwa kuwa wanajua tawi haliwezi kuyapeleka yote mbele. Ndiyo maana ninapinga matawi kuchanganya pesa za mashauri na pesa za kawaida. Akaunti tofauti, hata ya dola elfu chache, inayoongezwa kila mwezi, hubadilisha mazungumzo: mwajiri anajifunza kwamba shauri la tatu nalo litafika.

Tukigoma, tawi litawalipa wanachama?

Tawi dogo haliwezi, na lisijaribu. Malipo ya mgomo hutoka mfuko wa chama mama. UAW ilipoanza mgomo Septemba 2023 ilikuwa na mfuko wa takriban dola milioni 825 na ililipa dola 500 kwa wiki kwa kila mgomaji. Hakuna tawi la watu 200 linaloweza kukusanya kitu kama hicho; hapa ndipo mgawo wa kila mwezi unaolalamikiwa hurudi. Kazi ya tawi ni kulipia vitu vidogo ambavyo mfuko mkubwa hauvigusi: mabango, mafuta ya gari, mahema ya kwenye geti, msaada kwa familia iliyokwama kabla malipo ya kwanza hayajafika. Wakati huohuo ada ya wagomaji huwa haiingii. Panga kwa hilo.

Sheria za kutolazimisha ada zimebadilisha nini?

Mengi, na kwa nyakati tofauti. Katika majimbo 26 mkataba hauwezi kumlazimisha mfanyakazi wa sekta binafsi alipie chama, ingawa chama kinalazimika kumwakilisha. Penginepo, uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 1988 katika kesi ya Beck unampa asiye mwanachama haki ya kulipia gharama za uwakilishi tu. Kwa wafanyakazi wa umma, kesi ya Janus ya Juni 2018 iliondoa ada ya lazima nchi nzima.

Kwenye jedwali lako la miaka kumi, tawi la umma linaweza kuonyesha ngazi moja kushuka 2018 au 2019, pale ada za wasio wanachama zilipokatika mara moja. Kinachofuata ngazi hiyo ndicho cha kutazama. Mstari ukitulia, tawi lilienda kuzungumza na watu. Ukiendelea kuteremka, halikwenda. Yote haya yako ndani ya mteremko mrefu zaidi: mwaka 1983 asilimia 20.1 ya waajiriwa wa Marekani walikuwa wanachama wa vyama. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 9.9.

Pensheni na bima ya afya ni sehemu ya fedha za tawi?

La. Hiyo ni mifuko tofauti yenye wadhamini wake, na mara nyingi upande wa mwajiri una viti sawa na upande wa chama. Mweka hazina wa tawi hana mkono humo.

Tunaweza kumchangia mgombea kutoka hazina ya tawi?

Mgombea wa uchaguzi wa taifa, hapana. Michango hiyo hutoka kwenye mfuko maalumu wa hiari, si kwenye ada. Chaguzi za jimbo na mji zina sheria zake, na zinatofautiana sana.

Chama kinalipa kodi ya mapato?

Kwa kawaida kimesamehewa, lakini msamaha hauondoi wajibu wa kupeleka taarifa kwa mamlaka ya kodi. Tawi ambalo mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000 hujaza taarifa fupi ya kielektroniki inayochukua dakika chache. Ukiisahau miaka mitatu mfululizo, msamaha unafutika wenyewe, na kuurudisha ni kazi ya miezi. Haya huyapata hasa matawi madogo kabisa, kwa kuwa kila mweka hazina anadhani aliyemtangulia ameshapeleka.

Tunapandishaje ada bila kupasuka?

Kisheria, tawi haliwezi kupandisha ada kwa amri ya viongozi. Inahitajika kura ya siri ya wengi, ama kwenye mkutano uliotangazwa mapema ipasavyo, ama kwa kura ya wanachama wote.

Kiutendaji, nendeni na jedwali la miaka kumi, si hotuba. Onyesheni mgawo wa juu ulivyopanda, pango lilivyopanda, ada ilivyosimama. Pendekezeni ada ifuate mshahara, ili msirudi kuomba tena baada ya miaka mitatu. Na msiende wakati akiba imekwisha. Wanachama huwa wakali zaidi wakiombwa pesa na watu walioficha nakisi kwa miaka sita, na hapo wana haki.

Akiba iwe kiasi gani?

Gharama za miezi sita zisizokwepeka, ndicho kima changu cha chini. Mwaka mzima kama mwajiri wenu hupenda kwenda kwa mwamuzi. Zaidi ya miaka miwili, mwanachama ana haki ya kuuliza kwa nini pesa yake imelala benki huku malalamiko yakiachwa kwa kuogopa gharama.

Na tawi likishindwa kabisa?

Njia ya kawaida ni kuungana na tawi jirani la chama hichohicho, na ni afadhali kuungana mkiwa bado na pesa na wanachama, kwa sababu hapo ndipo mnaweza kujadili nani atabaki na kiti kwenye kamati na ukumbi utakuwa wa nani. Chama mama pia kinaweza kuliweka tawi chini ya msimamizi wake, kwa mfano kuzuia ubadhirifu. Sheria ya 1959 inauchukulia usimamizi huo kuwa halali kwa miezi 18, na baada ya hapo chama mama ndicho kinachopaswa kuonyesha sababu ya kuendelea.

Tawi likifutwa, katiba nyingi za vyama vya taifa zinasema mali yake inarudi kwa chama mama. Taarifa ya mwisho lazima ifike Idara ya Kazi ndani ya siku 30, ikieleza kila dola ilikokwenda. Kabla ya kukabidhi chochote, pigeni nakala ya vitabu vyote vya miaka mitano ya mwisho na kumbukumbu za mikutano. Atakayebishana baadaye kuhusu likizo, malipo ya nyuma au cheo cha miaka kazini atazihitaji.